Michezo ya Kuigiza ya Zamani na Wanafunzi wa Leo
Maneno kwa waalimu, wazazi na wanafunzi wa Thika na Ruiru



Katika shule nyingi za sekondari, toka Ruiru kupita Juja mpaka kufika Thika, kipindi cha tamthilia huendeshwa kwa namna moja. Kengele hulia, mwalimu huingia, vitabu hufunguliwa, na mchezo husomwa na watu walioketi. Mwanafunzi wa dawati la kwanza husoma maneno ya mfalme, wa pili husoma ya mjumbe, na wa tatu, akiisha kuguswa na jirani yake, huuliza wenzake wako ukurasa gani. Kipindi ni dakika 40, na wanafunzi huenda wakawa 50 au zaidi. Mfalme akiuawa katika dakika ya 38, hufa bila mtu kuinua kichwa, kwa maana wote wanaitazama saa.

Baadaye huja kile kitabu chembamba kiitwacho mwongozo. Humo mna muhtasari wa kila onyesho, tabia za kila mhusika zimeorodheshwa, na maswali yamejibiwa tayari. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, na pengine hupita vizuri. Mwongozo si kitu kibaya kwa mtu aliyekwisha kuuona mchezo. Lakini kwa mtu ambaye hakuuona ni kama kupewa mifupa na kuambiwa kwamba karamu ilikuwa tamu.

Hasara ya mambo haya haionekani katika karatasi ya matokeo. Inaonekana pale ambapo kijana wa miaka 18 anaondoka shuleni asipate hata siku moja kusimama mbele ya watu 40 na kusema maneno mazito kwa sauti inayosikika. Tena inaonekana pale ambapo kijana huyo anasimama katika mkutano wa hadhara, msemaji anaugeuza moyo wake mara tatu kwa robo saa, naye hajui kwamba amegeuzwa. Michezo mikubwa ya zamani ilitungwa na watu waliojua kazi hiyo ya kugeuza mioyo, nao waliiweka wazi jukwaani ili kila mtu aitazame.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuacha michezo ya kigeni na ya kale, kwa kuwa kijana wa Makongeni hana haja na Roma. Neno hili lina haki ndani yake, ila halifiki kwenye shina la ugonjwa. Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969, ni wa Afrika Mashariki, ni wa Kiswahili, na unahusu vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Ukisomwa na watu walioketi unakufa vilevile kama ule wa Roma. Ugonjwa hauko katika umri wa mchezo wala katika nchi ulikotoka. Uko katika dawati.

Tena si kweli kwamba michezo hiyo ni wageni walioingia jana. Mwaka 1867, huko Unguja, Edward Steere alipiga chapa hadithi za Kiswahili zilizotokana na michezo ya Shakespeare, kabla hata reli ya Uganda haijafikiriwa. Katika wilaya iliyokuwa ya Kiambu, ambayo leo ni kaunti yenye miji ya Thika na Ruiru, Shule ya Alliance kule Kikuyu ilikuwa ikicheza Shakespeare katika miaka ya 1950, wakati Carey Francis alipokuwa mwalimu mkuu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo toka mwaka 1955 mpaka 1958, aliiona michezo hiyo akiwa mvulana. Lakini jambo ambalo husahauliwa ni hili: wavulana wa shule hiyohiyo walianza kutunga michezo yao wenyewe kwa Kiswahili. Mchezo wa Henry Kuria, Nakupenda, Lakini, ulipigwa chapa mwaka 1957, na ule wa Gerishon Ngugi, Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi, mwaka 1961. Hawakukatazwa kutunga na Shakespeare. Walikuwa wamesimama jukwaani, wakaona jinsi kitu kinavyotengenezwa, wakatengeneza chao.

Kisha alikuja Julius Nyerere, ambaye mwaka 1963, akiwa tayari Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Hakuridhika nayo. Aliirudia akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Hilo jina la pili peke yake latosha kujaza kipindi kizima, maana Shakespeare alisema mfanyabiashara mmoja, na Nyerere akasema mabepari, tena wengi. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini Mwalimu alibadili neno, na mwaka 1969 Tanzania ilikuwa katika hali gani miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, hapo atafahamu kwamba kutafsiri ni kazi ya mtu mwenye nia yake. Basi mwalimu anayeogopa kufupisha mchezo, au kuuhamisha mahali, au kuusema kwa lugha nyingine, akidhani kuwa ataukosea heshima, na akumbuke kwamba Rais wa nchi alifanya hivyo bila kuomba radhi.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe, kwa mfano mmoja, nao ni huohuo wa Juliasi Kaizari. Mchezo mzima huchukua saa mbili na zaidi, na hakuna shule yenye nafasi hiyo kila wiki. Mwalimu na achague mahali pawili tu katika sehemu ya tatu. Kwanza ni pale Caesar alipokwisha kuuawa, na Brutus na Mark Antony wanasema na watu sokoni. Pili ni kionyesho kifupi kinachofuata, cha Cinna mshairi.

Katika hotuba zile za sokoni, kosa la kawaida ni kumpa mwanafunzi hodari maneno ya Antony na kuwaacha wengine 49 wakae wasikilize. Mhusika mkubwa wa mahali hapo si Antony. Ni umati wa watu. Shakespeare aliwapa raia wanne maneno ya kusema, lakini darasa zima laweza kuwa Roma. Mwalimu anakata vipande vya karatasi, na juu ya kila kimoja anaandika mtu ni nani na ana jambo gani moyoni: huyu ni fundi viatu ambaye Caesar alimpa kazi, huyu ni mjane wa askari aliyekufa vitani, huyu amekuja kutazama tu, huyu analipwa ashangilie, huyu ana duka na anaogopa fujo. Kila mwanafunzi anapokea karatasi yake na hamwonyeshi mwenzake. Madawati yanasukumwa ukutani. Brutus anapanda juu ya kiti.

Brutus anaposema, umati unakubali. Mmoja wao hata anataka Brutus afanywe Caesar, na hapo mwalimu na asimamishe mchezo kidogo, kwa kuwa Brutus ameua ili asiwepo mtu wa kuwa Caesar, na watu waliomsikiliza hawakusikia neno hata moja. Ndipo Antony anapanda. Kazi yake yaweza kupimwa hatua kwa hatua. Anataja wasia wa marehemu, kisha anakataa kuusoma. Anaonyesha joho lenye matundu ya visu. Anaonyesha maiti. Watu wanapiga kelele na kuanza kukimbia wakachome nyumba, naye anawaita warudi, maana wameusahau wasia waliokuwa wakiulilia. Kila raia ameachiwa drakima 75, na bustani za kutembelea. Ni jambo la kutazamwa sana kwamba walikuwa wamekwisha kwenda kuchoma kabla hawajajua wameachiwa nini.

Mchezo ukiisha, kila mwanafunzi anasoma karatasi yake na kujibu swali moja: moyo wako uligeuka katika neno gani? Yule aliyekuja kutazama tu atasema jambo la kushangaza. Na yule aliyelipwa ashangilie ataulizwa na wenzake alilipwa na nani. Hapo darasa limefanya uchambuzi wa balagha, wa takriri na wa kinaya, mambo ambayo mwongozo huyaorodhesha, nao wameyapata kwa masikio yao wenyewe.

Kionyesho cha Cinna hakifiki mistari 50. Mshairi anatembea njiani. Watu wanamsimamisha na kumwuliza jina, aendako, akaako, na kama ana mke. Anajibu kwamba jina lake ni Cinna. Katika waliomwua Caesar mlikuwamo mtu mwingine mwenye jina hilo. Mshairi anawaeleza kwamba yeye siye, na wao wanamwua hata hivyo, mmoja akitoa sababu kwamba mashairi yake ni mabaya. Ni mzaha, tena ni mauaji, katika pumzi moja.

Katika nchi hii jambo hili si la Roma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu walisimamishwa njiani wakaulizwa majina na vitambulisho, na jina au lafudhi ilitosha. Tume ya Waki ilihesabu vifo zaidi ya 1,100, na watu mamia ya maelfu walihama makwao. Wanafunzi walio shuleni leo wengi wao hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga. Wamesikia vipande nyumbani, kwa sauti ya chini. Thika ni mji wa viwanda, na watu wa kila kabila walifika kufuata kazi za nguo, za mabati na za mananasi. Ruiru, iliyokuwa mashamba ya kahawa, imegeuka kuwa nyumba za kupanga, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliuonyesha mji huo kuwa na watu 490,000 na zaidi. Katika darasa moja huketi watoto ambao wazazi wao walikuwa pande mbalimbali za njia ile.

Kwa hiyo mwalimu na aende kwa uangalifu. Asimwulize mtoto nyumba yao ilipatwa na nini. Asimchague mwanafunzi wa kumcheza Cinna kwa kufuata jina lake au kabila lake. Wapige kura, au wachezaji wabadilishane, kila mmoja awe Cinna mara moja na awe mwulizaji mara moja. Mtoto asiyetaka kusimama apewe kazi ya kushika saa na kengele, asiulizwe sababu. Na kionyesho kikiisha, mwalimu asikimbilie kueleza. Kimya cha nusu dakika katika darasa la vijana 50 si jambo la kawaida, wala si hasara ya wakati. Faida ya mchezo wa zamani iko hapa: Roma iko mbali, hakuna ukoo wowote wa Kenya uliotajwa, na kwa hiyo mtoto aweza kulitazama jambo ambalo likitajwa kwa jina lake angelikimbia.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi, nao watoka Norway. Nyumba ya mwanasesere ya Henrik Ibsen, ambayo mpaka miaka michache iliyopita ilikuwa kitabu teule cha Kiingereza katika shule za Kenya, ilionyeshwa mara ya kwanza Copenhagen mwezi wa Desemba 1879. Wanafunzi wengi huambiwa kwanza kwamba ni mchezo juu ya haki za wanawake, na wakiisha kuambiwa hivyo hawana tena hamu ya kuusoma. Afadhali waanze na deni. Nora alikopa fedha 4,800 ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia. Mkopeshaji alitaka mdhamini, naye ni baba yake Nora. Saini ya baba iko katika hati, na tarehe yake ni 2 Oktoba. Baba alikufa tarehe 29 Septemba.

Mwalimu na aiandike hati hiyo katika karatasi kubwa, aitundike ubaoni, na kando yake atundike barua yenye habari ya msiba. Asiseme neno. Watoto wa Thika na Ruiru wamekulia katika nyumba zenye mikopo ya simu, mikopo ya chama, na wadhamini wanaosakwa mpaka usiku. Wataigundua ile tarehe bila kusaidiwa, na wataanza kubishana kama Nora ni mwizi au ni mke mwema. Kisha wafungue kitabu. Na wakifika mwisho, pale anapoondoka na kufunga mlango, na waambiwe kwamba mwaka 1880 huko Ujerumani mchezaji mwanamke alikataa kucheza mama anayewaacha watoto wake, na Ibsen kwa shingo upande akaandika mwisho mwingine ambamo Nora anabaki. Darasa ligawanywe mara mbili, kila upande ucheze mwisho mmoja, nao wazazi wakialikwa waulizwe ni upi walioupenda. Majibu ya akina baba na akina mama hayatafanana, wala majibu ya nyanya na ya binti yake.

Kwa Kinjeketile yatosha neno moja. Kiini cha mchezo ule ni neno lililotoka kinywani mwa mtu likawa kubwa kuliko yeye, hata akashindwa kulirudisha. Mwalimu na amnong'oneze mwanafunzi mmoja habari fupi, ipite masikioni mwa wote, na wa mwisho aitangaze. Wanafunzi watacheka, kwa kuwa huona jambo hilo kila siku katika simu. Baada ya hapo onyesho la kwanza, lile la wanawake wanaozungumza juu ya njaa na kazi ya shuruti, halitakuwa tena utangulizi wa kurukwa, kwa maana watataka kujua ni njaa gani inayowafanya watu waamini maji.

Jambo la Kamiriithu, karibu na Limuru katika kaunti hiihii, linafundisha sana. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale walicheza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, watu wakipita, na wapita njia waliwasahihisha wachezaji: mzee hasemi hivyo, mfanyakazi wa kiwandani hashiki kitu hivyo. Mchezo ulianza Oktoba, na katikati ya Novemba kibali kikaondolewa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Yaliyompata mtunzi yanajulikana. Lakini ile njia ya mazoezi ya wazi yafaa shule yoyote. Juliasi Kaizari huanza na fundi viatu anayewafanyia wakubwa mzaha wa maneno. Wanafunzi wawili na waende kituo cha matatu, wakae na fundi viatu nusu saa, wasikie jinsi anavyojibizana na wateja. Wakirudi hawatahitaji maelezo juu ya mzaha wa Shakespeare.

Wazazi huuliza juu ya fedha. Vikundi vya wachezaji hupita shuleni na kuonyesha vitabu teule kwa malipo, na vingine ni hodari kweli. Vingine huharakisha, huongeza vichekesho visivyomo, na kuondoka. Mwanafunzi akilipa akaketi akatazama, amepata kitu. Lakini dakika kumi za kusimama mwenyewe zina uzito kuliko saa mbili za kutazama, nazo hazina bei. Mavazi si lazima. Leso moja begani yatosha kuwa joho la Caesar, na ikichanwa matundu ni bora zaidi, mwenyewe akikubali. Wala shule ya wavulana kama Mang'u au ya wasichana kama Mary Hill isijizuie kwa sababu ya jinsia, maana katika siku za Shakespeare wanawake wote jukwaani walichezwa na wavulana, na hakuna sheria inayomkataza msichana kuwa Brutus.

Wengine huuliza juu ya mtihani. Mtihani unataka mwanafunzi aonyeshe mahali, aseme nani alisema nini na kwa nini. Mtu akumbuke lipi: maneno aliyoyakariri usiku, au maneno yaliyomfanya apige kelele pamoja na watu 49? Na mambo yanabadilika. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na katika mpango mpya shule za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo, ambamo uigizaji na filamu ni somo lenyewe. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule yamekuwako toka mwaka 1959, ila huwachukua wanafunzi wachache walio hodari. Waliobaki darasani ndio wengi.

Shule isiyo na ukumbi ina kiwanja. Shule isiyo na kiwanja ina chumba chenye madawati yanayosukumika. Mwalimu asiyejua pa kuanzia na aanze na Cinna, siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho. Hutaka watu watano, mlango mmoja, na dakika tatu za kukisoma. Dakika 37 zinazobaki atazihitaji zote.